Kwa Nini Kaka Zetu Walipanda Paa

Huko sokoni Weno, makao makuu ya jimbo letu, wanasema kaka zangu walikuwa wamelewa. Nimesikia kwa masikio yangu, nikiwa nimesimama nyuma ya mama mmoja muuza samaki wa kukaanga, akimwambia mwenzake kwamba ndugu za Sinoria walipanda juu ya bati kwa sababu ya pombe, na kwamba mmoja wao alianguka akavunjika mguu. Hakuna aliyelewa na hakuna aliyeanguka. Mimi ndiye dada mkubwa wa nyumba ile, nimefundisha sekondari mpaka kustaafu, marehemu mume wangu alikuwa katekista anayeheshimiwa kisiwa kizima, na sina desturi ya kubishana sokoni. Nimeona ni bora niandike.

Tulizaliwa wanane kwa mama mmoja hapa kisiwani Udot, katika visiwa vya Chuuk vya Bahari ya Pasifiki: wavulana sita na wasichana wawili. Mimi ni wa pili, baada ya Kaka Tosiwo. Sinoria ndiye kitinda mimba. Hakupenda shule kama mimi, lakini hakuwa mjinga hata kidogo. Alipoolewa, mume wake Benito akaja kukaa kwenye ardhi yetu kama ilivyo kawaida kwetu, na wakafungua duka dogo karibu na gati. Wanauza mchele, makopo ya samaki, viberiti, na hasa petroli ya boti. Sinoria ndiye anayepima petroli. Kwa hiyo hapiti mtu kwenda Weno au kurudi bila kuonana naye, na shida za kisiwa anazijua kabla hazijamfikia padri.

Shida kubwa ilikuwa boti ya zahanati. Tuliahidiwa boti ya kupeleka wagonjwa hospitali ya Weno, na kila uchaguzi iliahidiwa upya. Mwaka ninaousimulia, binti wa jirani yetu alishikwa na uchungu wa kujifungua, mtoto amekaa vibaya, na hapakuwa na boti yenye mafuta. Sinoria alitoa petroli yake, Benito akaendesha, na mtoto akazaliwa katikati ya maji, mama yake amelala juu ya magunia ya mchele. Wote wawili wako hai mpaka leo. Lakini tangu hapo Sinoria alibadilika.

Siku chache baadaye mbunge wetu, Mheshimiwa Kantito, alisimamisha boti yake gatini kujaza mafuta. Amekaa katika Bunge la Jimbo la Chuuk vipindi vingi hata watu wakazoea kumwita Mheshimiwa kama ndilo jina la ubatizo.

"Mheshimiwa, boti ya zahanati iko wapi?" Sinoria akamuuliza huku akimimina.

"Inakuja, mama."

"Ilikuwa inakuja mwanangu wa kwanza hajaota meno. Sasa ananyoa ndevu."

Watu waliokuwa gatini wakacheka. Kantito akacheka pia, maana ni mtu wa ucheshi, kisha akasema, "Wewe pima mafuta, mama. Bungeni tuachie sisi tunaoweza kusimama tukasema."

Hapo watu walicheka zaidi, na wanawake wakacheka pamoja nao, kwa sababu kila mtu alijua anamaanisha nini. Kwetu dada hasimami juu ya kaka yake aliyeketi. Mimi mwenyewe, pamoja na shahada yangu, nikimkuta Tosiwo amekaa barazani napita nimeinama, na pakiwa pembamba napiga magoti. Akisimama yeye kwanza, ndipo napita wima. Na kaka si wale wa tumbo moja tu. Kila mwanaume wa ukoo wetu ni kaka yetu, na katika mkutano wowote wa kisiwa hiki wamejaa mikekani. Mwanamke wa ukoo wetu atahutubia vipi?

Sinoria alijaza dumu mpaka shingoni bila kumwaga tone. Jioni ile akaja kwangu.

"Dada, nataka kugombea."

"Umezungumza na Kaka?"

"Nitazungumza naye vipi jambo kama hilo? Nenda wewe."

Nilimkuta Tosiwo akitwanga shelisheli juu ya ubao, mikono yote miwili imelowa. Nikakaa chini, nikamweleza. Hakuacha kutwanga.

"Anataka kusema wapi?"

"Kila kijiji, Kaka."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu. Mbele yenu pia."

Akatwanga mpaka donge likawa laini kabisa, akalifunga kwenye jani.

"Mwambie ajaze fomu," akasema. "Hayo mengine nitayafikiria."

Mkutano wa kwanza ulikuwa kijijini kwetu, kwenye nyumba ya mikutano, ile isiyo na kuta. Mbele kuna jukwaa la saruji ambapo wagombea husimama. Kantito alisimama pale akazungumza vizuri, lazima niseme ukweli. Ilipofika zamu ya Sinoria, wanaume wa ukoo wetu walikuwa wameketi safu nne za mbele, na Tosiwo katikati yao. Wangeweza kusimama, lakini mtu aliye chini ya jukwaa hata akisimama bado yuko chini, na wa nyuma wasingeona kitu. Basi Sinoria akapiga magoti pembeni mwa jukwaa, sakafuni, akaanza kusema ameinamisha kichwa.

Haikupita dakika, Masauo, fundi wa injini ambaye ni binamu yake Kantito, akapaza sauti kutoka nyuma.

"Jamani, kuna mtu anaongea, au kuna redio imesahauliwa chini?"

"Ni mgombea!" mwingine akajibu.

"Basi atuonyeshe hata kilemba! Bungeni si watamtafuta chini ya meza?"

Kicheko kilichofuata sitaki kukieleza. Sinoria alimaliza maneno yake, lakini waliomsikia hawafiki ishirini. Tuliporudi nyumbani wanawake tulitembea mbele, na kaka zetu nyuma. Mlangoni kwake Sinoria aliniambia, "Dada, boti sitaileta nikiwa nimepiga magoti. Hata wakinichagua kwa huruma, huko nitasema na nani? Na magoti siwezi kuacha. Sitawadhalilisha kaka zangu kwa ajili ya kiti."

"Hakuna aliyekuambia uache," nikamjibu.

"Basi nimekwisha."

Kesho yake kwenye misa ya asubuhi, Tosiwo alimfuata padri sakristiani akaomba ngazi ndefu ya kengele.

"Ya kazi gani?" padri akauliza.

"Ya heshima, Padri," akasema, akaondoka nayo begani.

Mkutano wa pili ulikuwa kijiji cha upande wa mikoko, ambako ndiko kwao Masauo. Watu walikuja wengi, na nadhani nusu yao walikuja kucheka. Nilikuwa nimekaa na wanawake nilipoona kaka zangu sita wanakuja kwa mstari, wamevaa mashati meupe ya Jumapili, Tosiwo mbele na ngazi. Waliiegemeza kwenye nyumba ya mikutano. Tosiwo alikuwa ameshapita miaka sitini na tano. Alipanda polepole, mguu mmoja kisha mwingine. Akafuata Sirilo, kisha wengine, na mwisho Rokuro, ambaye ni mnene, na bati likalia chini yake hata watoto wakakimbia nje.

"Wanafanya nini?" jirani yangu akaniuliza.

Kwa kweli niliona haya. Niliwaza marehemu mama yetu angesema nini, wanawe sita juu ya paa la watu.

Sauti ya Tosiwo ikatoka juu, kupitia bati, kubwa kama ya mtu anayeita boti.

"Ndugu wa ukoo wetu mlioketi humo! Mimi ndiye kaka mkubwa. Nikiwa huku juu, heshima yenu nyote iko juu pamoja nami. Asiyekubali, ngazi ipo, apande!"

Wanaume wakatazamana. Mzee mmoja wa ukoo wetu, mkali kwa mambo ya desturi kuliko wote, akaangalia juu kwenye kenchi, akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyeinuka.

"Sinoria!"

"Naam, Kaka."

"Simama."

Na mdogo wangu akapanda lile jukwaa akasimama wima. Sikuwa nimewahi kumwona amesimama hivyo mbele ya watu. Hakujua mikono aiweke wapi. Mwisho akashika sketi yake pande zote mbili kama mtoto anayeimba kanisani. Kisha akasema. Alieleza habari za binti aliyejifungulia juu ya magunia. Alitaja akina mama waliokufa njiani, kila mmoja kwa jina lake, na kila jina lilikuwa na ndugu zake mle ndani. Akasema boti ya zahanati iliwahi kupewa pesa na Bunge mara mbili, akauliza kama kuna mtu amewahi kuiona ikipita.

Masauo akajaribu. "Popo wako wanasikia vizuri huko juu?"

Sirilo akamjibu kutoka paani, "Popo hula shelisheli, Masauo! Nenda kaangalie mti wako kama umebaki na kitu!"

Hata watu wa Masauo walicheka. Na safari hii tulicheka sisi kwanza.

Halafu ikaja mvua. Ilitoka baharini ghafla, nzito, ikapiga bati hata Sinoria hakusikika. Akanyamaza akatazama juu. Ilipopungua kidogo aliita, "Kaka, niache?"

"Sisi tumeshalowa," Tosiwo akasema. "Endelea."

Akaendelea, na mvua ikaendelea, na miguu ya kaka zetu sita ikaonekana ikining'inia ukingoni mwa paa, maji yakichuruzika vidoleni. Hakuna mtu aliyeondoka. Mama mmoja mzee wa kijiji kile alianza kulia waziwazi. Aliniambia baadaye kwamba aliwakumbuka kaka zake, wote wako Guam na Hawaii, na kwamba tangu waondoke hajapata mtu wa kumwinamia.

Hiyo ndiyo habari ya paa. Ni kweli Rokuro alibonyeza mabati mawili. Kaka zangu walirudi wakaezeka mapya, na paa lile sasa ni zima kuliko lilivyokuwa. Kama kuna mtu ana shaka aende akatazame.

Baada ya hapo jina la popo likawa letu. Kila kijiji tulichofika tulikuta ngazi imeshaegemezwa. Mahali pamoja nyumba ilikuwa ya makuti, haiwezi kubeba watu, basi wakapanda mti wa shelisheli na Rokuro akapewa tawi la chini kabisa. Kijana mmoja alikuwa amepiga picha siku ya mvua kwa simu, na picha ikasafiri mpaka kwa watu wetu wa ng'ambo. Kantito alipoona mambo yanageuka, alisema mkutanoni, "Mimi sihitaji watu wa kunikalia juu ya kichwa."

Yule mama mzee akamjibu kutoka mkekani, "Ndiyo maana miaka yote hii umebaki mkavu, mwanangu."

Tulipiga kura Jumanne moja ya Machi. Masanduku ya kisiwani yalihesabiwa, na redio ya Weno ikasoma: Sinoria mia nne na mbili, Kantito mia tatu sitini na tano. Kijiji cha mikoko kilimpa Sinoria kura nyingi kuliko kijiji chetu wenyewe, jambo ambalo nimewakumbusha ndugu zangu mara kadhaa. Kisha likasomwa sanduku la watu wetu wanaoishi Weno. Huko Kantito ana nyumba, ana wajomba, na kila mlango una deni la fadhila zake. Alipata mia na sabini na moja, sisi mia na kumi na nane. Sasa tulikuwa nyuma kwa kura kumi na sita, na lililobaki ni sanduku la Guam, ambalo lilikuwa linangoja ndege.

"Guam ni ya Kantito," kila mtu alisema. Mpwa wake ndiye mwenyekiti wa watu wetu kule. Misiba yote yeye, harusi zote yeye.

Siku sanduku lilipofunguliwa, watu walijaa dukani kwa Sinoria kwa sababu redio yake ndiyo yenye sauti kubwa. Yeye alikuwa nje anampimia petroli mtu wa kisiwa cha Romanum. Mtangazaji akaanza na visiwa vingine, taratibu, kama anayefanya makusudi, na Sirilo akawa anaitukana redio kwa sauti ya chini, dada zake tusisikie. Hatimaye: Udot, sanduku la Guam. Kantito, arobaini na moja.

Sinoria, tisini na sita.

Benito ndiye aliyepiga kelele kwanza, yeye ambaye mwaka mzima husikii sauti yake. Mtu wa Romanum akaruka, dumu likayumba.

"Shika vizuri!" Sinoria akamwambia. "Nikimwaga utataka nikurudishie."

"Mama, umeshinda!"

"Nimesikia. Shika dumu."

Alimaliza kumimina, akafunga kifuniko, akafuta mikono. Ndipo wanawake wakamvamia. Walimpaka poda mpaka nyusi zikawa nyeupe, wakamnyunyizia marashi kama tufanyavyo kwenye furaha, wakaimba na kucheza mpaka mtu wa Romanum naye akapakwa poda asijue la kufanya. Jumla ilikuwa mia sita kumi na sita kwa mia tano sabini na saba. Mwanamke wa kwanza wa ukoo wetu kuingia Bungeni, na wa kwanza wa kisiwa chetu.

Kaka zetu hawakuja kumkumbatia, haistahili. Walishuka majini na boti tatu wakazunguka kisiwa kizima wakipuliza baragumu za kombe, na kila kijiji kikajibu. Alasiri Tosiwo akaleta jodari mkubwa, akamlaza kwenye kizingiti cha Sinoria, akaondoka. Nilimwona usoni. Kama hukujua desturi zetu ungedhani amekasirika.

Kantito naye alikuja, na ninamheshimu kwa hilo. Alisimamisha boti gatini, akainua dumu lake.

"Nijazie, Mheshimiwa."

"Karibu, Mheshimiwa."

Wakacheka wote wawili. Lakini alipokuwa analipa alisema, si kwa ubaya, "Umeshinda kihalali. Ila humo ndani wamo wabunge wawili wa ukoo wenu, Akapito wa Fefen na yule kijana wa Mortlock. Kaka zako hao. Na paa la Bunge ni la zege, lina askari. Tosiwo akipanda watamshusha kwa pingu. Utafanyaje?"

Sinoria akahesabu chenji mara mbili. Wiki zile za kungoja kiapo ndizo alizokonda, wala si za kampeni. Kushinda kulikuwa kumekwisha, kusema bado.

Siku ya kikao cha kwanza tulikwenda Weno wote. Kaka zangu walikaa viti vya wananchi, mimi nikakaa nyuma yao. Ukumbi wa Bunge ni sakafu moja tambarare, kila mbunge husemea mahali pake. Mzee Akapito alikuwa ameketi safu ya mbele ya Sinoria, ana fimbo na goti bovu. Yule kijana upande wa pili. Wakaapishwa, wakasalimiana, hoja zikaanza. Spika akasema, "Mheshimiwa wa Udot."

Sinoria hakuinuka. Niliona mabega yake yanainama, anateremka kutoka kitini kwenda sakafuni, na kule nyuma mtu akaguna.

Akapito akaikita fimbo yake, akasimama.

Hakugeuka nyuma kumtazama. Alisimama tu, ameangalia mbele, mikono miwili juu ya fimbo. Yule kijana wa Mortlock akamwona, naye akasimama. Nyuma, Tosiwo akasimama, na watano wengine pamoja naye. Wabunge wengine wakadhani ni sala, wakasimama pia wameinamisha vichwa, na katibu akasimama kwa kuwa wote wamesimama. Aliyebaki ameketi ni Spika peke yake, na yeye ni wa ukoo mwingine, anaweza kukaa apendavyo.

Na mdogo wangu, ambaye alikuwa tayari amegusa sakafu kwa goti moja, akainuka mpaka mwisho.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "nasimama kwa ajili ya boti ya zahanati ya Udot."

Alizungumza kwa sauti ileile ya siku ya mvua, bila kushika sketi. Alipofika kwenye pesa zilizotengwa mara mbili, Akapito alinong'ona, lakini ana sauti nene na ukumbi mzima ulisikia, "Dada, fupisha, goti linaniuma."

Watu wakacheka, hata Spika.

"Pole, Kaka," Sinoria akasema. "Bado kidogo."

Haikuwa kidogo. Alieleza kila kitu, mpaka aina ya injini na nani atakayeiendesha, na yule mzee alisimama mpaka neno la mwisho.